Mkono wa Mtu

Siku Maroa alipokuja kwetu Uriri kujitambulisha, baridi ilikuwa imetukalia siku ya kumi na mbili. Sisemi baridi ya kuvaa sweta asubuhi ukaitoa saa nne. Hii ilikuwa baridi ya Julai, iliyoingia na manyunyu ikakataa kuondoka, kama mgeni ambaye amesikia kuku akifukuzwa nyuma ya nyumba. Nguo zilikuwa kwenye kamba tangu Jumapili. Vidole vyangu, ambavyo hata jua likiwaka huniuma, vilikuwa vimekataa kufunga kifungo.

Emmah aliingia kwangu mapema akanifunga kifungo cha sweta, kisha akabaki amekishika.

"Dani," akasema. Ndivyo wajukuu wanavyomwita nyanya kwetu. "Dani, niombee."

"Nikuombee nini? Si kijana anakuja na mdomo wake?"

"Ndiyo shida. Anakuja na mdomo wake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mjukuu wangu ni muuguzi katika kliniki moja ndogo mjini Homa Bay. Ameona watu wakizaliwa, ameona watu wakifa, si msichana wa kutetemeka ovyo. Lakini asubuhi ile mkono wake ulitetemeka juu ya kifungo changu.

"Baba akimkataa huyu, mimi sileti mwingine. Nakuambia wewe peke yako, Dani. Nitakuwa shangazi wa watoto wa watu mpaka nizeeke."

"Umemwambia aongee nini?"

"Ng'ombe. Mpira. Miwa. Nimemwambia aongee chochote, isipokuwa hali ya hewa."

Sasa wewe jiulize. Ni watu gani wawili hukutana mara ya kwanza siku ya baridi kama ile, wasiongee hali ya hewa?

Maroa ni Mkuria wa Kehancha, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari huko Homa Bay. Alifika saa tano kwa pikipiki, nyuma amembeba Onchiri, Mkisii anayefundisha naye, ambaye ndiye alikuja kuwa msemaji wake. Onchiri alikuwa amevaa jaketi kubwa lenye manyoya shingoni. Maroa alikuwa amevaa shati jeupe na tai. Tai! Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Emmah alipomwona kutoka mlangoni, macho yake yalienda kwanza kwa uso wa kijana, yakakaa hapo kidogo kuliko inavyofaa mbele ya wazazi, halafu yakashuka kwa lile shati yakakasirika.

"Sweta iko wapi?" akamnong'oneza akipokea begi.

"Nilitaka kuonekana vizuri."

"Utaonekana vizuri ndani ya jeneza."

Kwa sababu sisi ni Wajaluo na yeye ni Mkuria, na msemaji wake ni Mkisii, tuliongea Kiswahili. Kumbuka hilo, ndilo lililotuponza. Kiswahili hakikuwa cha mama ya yeyote aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Kila mtu alikuwa amekiazima.

Mwanangu Stanley, baba ya Emmah, alikuwa kwenye kiti chake amevaa makoti mawili. La chini lilikuwa lake. La juu lilikuwa la marehemu baba yake, koti refu jeusi la sufu, ambalo halitoki msumarini ila kwa matanga na kwa baridi kali. Damaris, mkewe, alileta chai na mandazi. Kuku alikuwa motoni. Onchiri akafungua mazungumzo vizuri sana, akasifu boma, akasifu mandazi, akasifu hata mbwa. Ng'ombe walitajwa mara mbili. Nikaanza kupumua.

Kisha Stanley akapuliza mikono yake, akasema, "Na mnasikia redio? Ati dunia inapata joto."

Emmah alikuwa akimimina chai. Akaacha kumimina.

"Ati joto!" Stanley akaendelea. "Mimi nimevaa koti mbili na soksi mbili. Ng'ombe zangu zinatoa moshi kwa mdomo kama watu wa sigara. Hao watu wa redio waje hapa Uriri wanionyeshe hiyo joto iko chumba gani."

Tukacheka sote, na ingeishia hapo. Nilimwona Emmah akimwangalia Maroa, macho yakimsihi: nyamaza, tafadhali, nyamaza. Maroa akamwangalia, akanyamaza. Alinyamaza muda wa kumeza andazi moja.

"Ni kweli ni baridi, mzee," akasema polepole. "Lakini baridi ya siku kumi na mbili ni hali ya hewa tu. Na Julai huwa baridi kila mwaka. Kuna hali ya hewa, na kuna tabianchi."

"Tabia ya nchi? Nchi nayo iko na tabia?"

"Ndiyo, mzee. Ni vile mahali huwa kwa miaka mingi, thelathini, arobaini..."

"Damaris, umesikia? Nchi iko na tabia. Basi hii yetu ililelewa vibaya."

Onchiri akacheka kupita kiasi, na chini ya meza akamkanyaga Maroa mguu. Nilimwona. Lakini mwalimu ni mwalimu. Hata akiwa usingizini, ukimuuliza swali atakujibu.

"Mzee, umewahi kuugua malaria?"

"Nani hapa hajaugua malaria?"

"Ukiugua, si unasikia baridi? Unatetemeka, unaomba blanketi ya tatu. Lakini muuguzi akikuwekea kipimajoto, kinasema unawaka. Basi dunia iko hivyo. Leo sisi tunatetemeka hapa, lakini ukiipima yote, mwaka baada ya mwaka, inawaka."

Birika likatua mezani kwa kishindo. Emmah alikuwa ameuma midomo. Wakati huo sikuelewa kwa nini mfano wa malaria umuume yeye.

Stanley lakini alikuwa anafurahia. Mwanangu anapenda kubishana vile watu wengine wanavyopenda samaki.

"Haya. Dunia iko na malaria. Mbu ni nani?"

"Mzee?"

"Malaria inaletwa na mbu. Hii joto yenu imeletwa na nani?"

"Wataalamu wanasema ni human-induced, yaani..."

"Kiswahili, mwalimu. Kizungu acha Homa Bay."

Maroa akatafuta neno. Nilimwona akilitafuta juu kwenye mabati, akilitafuta kwenye kikombe. Na kati ya maneno yote ambayo Mungu aliumba, akapata lile.

"Kwa Kiswahili, mzee, ni kusema kuna mkono wa mtu."

Pengine kwenu ni maneno tu. Kwetu, ng'ombe akifa usiku bila ugonjwa, ndivyo watu husema. Bibi arusi akikosa mtoto, ndivyo husema. Maana yake kuna jirani amefanya kitu gizani, na jirani huyo anatafutwa. Hakuna anayesema neno hilo akitabasamu.

Onchiri akaacha kutafuna. Damaris akashika kitambaa cha kichwa. Maroa, maskini, akaona kile kimya akadhani hatujaelewa somo. Akanyoosha kidole dirishani, kule nyuma ambako tanuri letu la zamani la kukausha tumbaku bado limesimama.

"Si lazima uende mbali, mzee. Ona lile tanuri. Huo mkono umepita hata ndani ya boma hili."

Stanley hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka kikombe chini, akafunga vifungo vya koti la baba yake, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Mwalimu," akasema, "hiyo joto yako ikifika, nitavua hii koti. Siku utaniona nimeivua, ndiyo siku utakuja kuongea habari ya msichana wangu. Kabla ya hapo, sikujui."

Akatoka kwenye manyunyu.

Nimezaa watoto sita, nimezika wawili, nimeishi na mume mkimya na mwana mbishi. Uvumilivu ninao. Lakini siku ile ulifika mwisho. Maana hakuna aliyeweza kuondoka. Kuku amechinjwa, na mgeni wa namna ile hawezi kwenda kuku akiwa bado sufuriani, ni mkosi ambao hata kasisi haombei. Kwa hivyo Stanley alijifungia ndani ya tanuri, ambalo siku hizi ni nyumba ya kuku. Damaris akawa anakoroga kitu kisichotaka kukorogwa. Onchiri akabaki sebuleni na sahani ya mandazi, msemaji asiye na wa kusema naye. Na wale wawili walikuwa wamesimama nyuma ya jiko langu, chini ya ukingo wa mabati, wakidhani nyanya ni kiziwi.

"Nilikuambia nini?"

"Emmah, aliniuliza."

"Nilikuambia nini, Maroa?"

"Nisiongee hali ya hewa."

"Na wewe ukaongea nini?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Tabianchi."

"Ee Mungu wangu!"

"Aliniuliza swali. Ningefanya nini?"

"Ungekunywa chai! Watu huulizwa maswali, wanakunywa chai!" Nikasikia akivuta pumzi. "Na ile malaria. Ile ilikuwa yangu."

"Gani?"

"Usiniulize gani! Ulikuja pale kliniki umejifunga blanketi, meno yanagongana, ukaniambia, sista, zima feni, nakufa na baridi. Nikakushika paji la uso nikakuambia, wewe unawaka. Ukaniangalia mpaka maji ya dripu yakaisha. Hiyo siku nimeiweka, Maroa. Hata Dani sijamwambia. Na wewe umeichukua ukaifanya mfano wa Form Two, mbele ya baba yangu!"

Maroa akashusha sauti.

"Ni kwa sababu sina nyingine," akasema. "Kila nikitaka kueleza kitu kikubwa, hiyo ndiyo inakuja. Mkono wako hapa kwa paji la uso."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikasahau kilichokuwa motoni.

"Usinishike," Emmah akasema. "Nimekasirika."

"Sijakushika."

"Najua hujanishika. Ndiyo nazidi kukasirika."

Manyunyu yakagonga mabati. Nilipochungulia kwenye ufa, walikuwa wamesimama, kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake, na hatua hiyo moja nilitamani kuja kuiondoa na fagio. Kijana alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama moto kutoka nje ya nyumba.

"Nenda umwambie baba ameshinda," Emmah akasema. "Mwambie hakuna joto, hakuna mkono, umekosea. Sentensi moja tu. Kwa ajili yangu."

"Siwezi."

"Sentensi moja!"

"Emmah, nikimdanganya baba yako siku ya kwanza ndiyo anipe wewe, siku ya pili utaniamini na nini?"

Alijibu akiwa analia, na kilikuwa kilio cha hasira, hicho mimi nakijua. "Basi kaa na tabianchi yako. Uioe!" Akaondoka, viatu vikipiga matope mpaka nyumba kubwa.

Nikagonga mwiko kwenye sufuria.

"Wewe mura," nikaita, kwa maana Wakuria wenyewe ndivyo wanavyomwita kijana. "Ingia hapa kabla hujafa."

Kwetu mama mkwe hukaa mbali na mkwe. Nyanya ana ruhusa yake. Nyanya anaweza kumkalisha kijana kwenye kigoda karibu na moto na kumwambia mambo. Maroa akaketi, magoti yakagusa kidevu. Nikamwacha atetemeke kwanza mpaka akatulia.

"Mume wangu aliitwa Odera," nikamwambia. "Tulikuwa tukiishi upande huo wa Homa Bay unakofundisha, karibu na ziwa. Mwaka wa ile njaa ya themanini na nne, mvua ilikataa. Odera alikuwa na kisima ambacho hakikukauka, na kando yake mistari mitatu ya mahindi mabichi. Mahindi ya wengine yote yalikuwa karatasi. Basi watu wakaanza kusema. Unajua walisema nini?"

Nikaona uso wake ukianza kuelewa kabla ya masikio.

"Walisema kwa Kijaluo, lakini neno ni hilo hilo. Kuna mkono wa mtu. Ati Odera amefunga mvua ndani ya chungu. Wakaja asubuhi moja, wanaume kama ishirini, na mmoja akanyoosha kidole kwenye boma letu vile ulivyonyoosha leo. Wakachoma ghala. Stanley alikuwa na miaka saba. Alikuwa amesimama mlangoni, akaona na akasikia. Tulitoka na tulichovaa, kwa miguu na kwa lori la watu, mpaka huku Uriri ambako hatukuwa na jina. Odera alimbeba Stanley ndani ya koti, vifungo vimefungwa, kichwa tu nje."

"Hiyo koti," Maroa akasema.

"Koti hilo hilo."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Sikujua, Dani."

"Najua hukujua. Ungekuwa unajua, nisingetumia maneno, ningetumia huu mwiko."

"Lakini sasa nifanye nini? Emmah anataka niseme uongo."

"Mimi sitaki uongo. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, sijui kama dunia inawaka ama inaganda. Najua vidole vyangu tu. Nataka useme Kiswahili. Ukisema mtu, huyo mtu ni mmoja. Ana jina. Ana boma. Ana mtoto amesimama mlangoni. Ndivyo ulivyotaka kusema?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa hilo, kwamba hata pale alifikiri kwanza.

"Hapana. Nilitaka kusema watu. Sisi sote."

"Basi nenda ukaseme hilo. Na uvae kitu."

"Sina kitu, Dani."

"Haya, nenda hivyo hivyo."

Nilimfuata nyuma na kikapu, ati naenda kuokota mayai. Kuku hawatagi baridi ile, kila mtu anajua. Nikasimama upande wa ukuta ambapo upepo haufiki lakini sauti inafika.

"Umetumwa na mama yangu," Stanley akasema kutoka ndani, kabla kijana hajabisha.

"Ndiyo, mzee."

"Amekuambia."

"Ameniambia."

Kuku mmoja akalalamika, akanyamaza.

"Mzee, nilikosa neno. Sikutaka kusema mtu. Nilitaka kusema watu. Na hao watu nikianza kuwataja, sianzi na wewe, naanza na sisi. Baba yangu alikuwa akichoma makaa kule Kehancha. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kilima cha miti. Kila nikirudi likizo, miti imepungua, karo imelipwa. Nilisoma kile kilima chote, mzee, mpaka chuo. Sasa ni mawe. Hata leo nimekuja hapa na pikipiki, inatoa moshi njia nzima. Sikuwa nakunyooshea kidole. Nilisahau tu kuanza na changu."

Nikasikia Stanley akikohoa.

"Makaa?"

"Makaa, mzee."

"Mimi ni tumbaku. Miaka tisa. Hili tanuri lilikula kuni kama jini. Nilikata mpaka ule mti mama yangu alikuwa anaketi chini yake akichambua mboga. Hakuniambia kitu. Akahamisha tu kigoda." Akakohoa tena. "Emmah alikuwa anataka uuguzi."

Mimi pale ukutani nikashika kikapu kwa nguvu. Kigoda hicho nilidhani hakuna aliyekiona kikihama.

"Basi tumesomeshwa na moshi wote wawili," Maroa akasema taratibu. "Mimi na yeye."

"Ungeanza na hiyo."

"Ningeanza na hiyo, mzee."

"Lakini sikubaliani na wewe! Miti tulikata, sawa, mito imekauka, naona. Lakini ati miti yangu ndiyo ipashe dunia yote joto, na mimi niko hapa na koti mbili? Hiyo nakataa."

"Najua, mzee."

"Ni baridi."

"Ni baridi sana, mzee."

"Angalau hapo umesema ukweli. Twende tule."

Wewe ungedhani yameisha. Mimi pia nilidhani. Tukala, kuku alikuwa mtamu, Onchiri akapata tena sauti yake. Aliponawa mikono akajaribu: "Sasa, wazee wangu, kuhusu lile jambo lililotuleta..."

"Nilisema neno langu," Stanley akamkata. "Koti bado iko kwa mabega."

Nilitamani kuleta makasi. Mtu amesamehe, mtu amesamehewa, na bado wamekaa wakitazamana juu ya mifupa ya kuku kwa sababu mwanangu alisema neno mbele ya wageni, na neno la mwanamume, ati, haligeuki. Emmah hakula. Alikuwa ameketi kando ya mlango, na kila Maroa alipoinua macho aliyakuta ya Emmah yakimngoja, kisha yanakimbia. Walifanya hivyo mara nyingi, nikachoka kuhesabu. Hakuna kitu kinachochosha kama kutazama watu wawili wanaopendana wakijifanya wanatazama ukuta.

Saa kumi wageni wakaaga. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua nyembamba, ile ya kupenya. Onchiri akavuta manyoya ya jaketi mpaka masikioni akatangulia kwenye pikipiki. Maroa akajaribu kuwasha, vidole vikateleza. Akajaribu tena. Emmah akatoka mbio, akavua leso aliyojifunga mabegani.

"Chukua."

"Utapata baridi."

"Nimesema chukua."

"Sichukui, Emmah. Utalowa."

"Ee, sasa unajua mambo ya baridi? Chukua!"

"Rudi ndani."

"Sirudi!"

Wakasimama pale wakivutana leso, wote wawili wakilowa, hakuna aliyevaa, na mvua ikifaidi. Onchiri akatazama mbinguni. Damaris akaniambia, "Mama, hawa wataoana kweli?" Nikamwambia, "Hawa wameshaoana, imebaki tu tuambiwe."

Stanley alikuwa amesimama barazani kando yangu. Alitazama lile shati jeupe likishikamana na mgongo wa kijana.

"Huyo hatafika Rongo, achia mbali Homa Bay," akasema.

Kuna nyakati mama akifungua mdomo anaharibu.

Stanley akaanza na kifungo cha shingo. Kile kina uzi wangu mweupe, nilikishona mwaka aliokufa Odera. Halafu cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Akashuka ngazi, akaenda mpaka kwenye pikipiki.

"Mwalimu. Shika."

Maroa akaona ni nini akarudi nyuma. "Mzee, hapana. Hiyo ni ya..."

"Najua ni ya nani. Mimi nilisafiri ndani yake, wewe ulisikia tu hadithi. Vaa."

Kijana akavaa. Lilimfika chini ya magoti.

"Ni ya kurudisha," Stanley akasema.

"Lini, mzee?"

"Jumamosi ijayo." Akageuka aondoke, akasimama. "Na koti ya mzee hairudishwi mkono mtupu."

Maroa alichelewa kidogo kuelewa. Onchiri hakuchelewa, alipiga kofi lililoogopesha mbwa. Emmah alikuwa ameziba mdomo kwa ile leso. Kisha akamsogelea kijana, mbele ya baba yake na mama yake na mvua yote ya Uriri, akaanza kumfunga vifungo kutoka chini.

"Bado nimekasirika," nikamsikia.

"Najua."

"Sana."

"Najua, Emmah."

Alipofika kifungo cha shingo, kile cha uzi mweupe, akakifunga, akabaki amekishika. Mkono wake haukutetemeka. Nami nikaingiza vidole vyangu kwapani, mahali ambapo Odera alikuwa akiniwekea, nikatazama pembeni kama mtu mwenye adabu.

Pikipiki ikaondoka. Stanley akarudi barazani na koti moja, akipuliza viganja.

"Umevua koti," nikamwambia.

"Si kwa sababu ya joto, Mama."

"Nani amesema joto? Nimesema umevua."

Akatazama barabara mpaka sauti ya pikipiki ikapotea upande wa Rongo. Meno yake yalikuwa yakigongana.

"Lakini Mama, hii baridi itaisha lini?"

"Muulize mkwe wako," nikamwambia.

Akafungua mdomo abishe. Akaufunga.